Pale Mama Alipoongea

Jumatatu, 2 Juni

Nimemwagilia miche mara mbili leo. Udongo unakunywa kama haujawahi kuona maji. Wateja watatu wamekuja kuangalia miche ya kahawa, wakaisifia, wakaondoka. Wote watarudi mvua zikianza. Sawa.

Jioni mazoezi ya tarumbeta kanisani. Pentekoste ni Jumapili hii. Tumefika wote sita. Jonas kachelewa, kasingizia abiria wa mwisho. Ana miaka arobaini, ana watoto wanne, anaendesha bodaboda, na bado hajajifunza kupangusa mate kwenye tromboni. Ukimwambia anaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Hapangusi.

Binti yangu Koku amepiga simu kutoka Muleba. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, imepangwa: Jumamosi tarehe 19 Julai, hapa hapa nyumbani Ihanda. Nilidhani anataka tuzungumze vitenge. Anataka wimbo. Hataki didijei afungue sherehe. Anataka mimi na tarumbeta zangu tupige "Mvua ya Omurushaka", ule wa kaseti ya bibi yake.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Sasa naogopa.

Jumatano, 4 Juni

Nimesikiliza kaseti. Yaani nimesikiliza simu; kaseti yenyewe iko kwenye kopo la chai, imeshachoka, Koku alinihamishia wimbo kwenye simu zamani.

Niandike vizuri. Baba aliurekodi kutoka redioni nikiwa darasa la tano. Ilikuwa bendi ya kiwanda cha kahawa, vijana wa mashine na wa maghala: tarumbeta mbili, saksafoni, tromboni, magitaa matatu, ngoma. Gari la redio lilikuja Bukoba siku moja likawarekodi nyimbo nne. Zikapigwa redioni msimu mmoja, basi. Santuri haikutoka. Baba alisubiri wimbo huo wiki nzima, akaweka redio kaseti mezani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akatukataza hata kukohoa.

Ubeti wa pili unaisha. Tarumbeta zinaanza kujibizana. Mama anaingia kutoka kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, mkungu wa ndizi kichwani, hajui lolote. Anauliza kwa Kinyambo, kwa sauti yake ile ya kuita ng'ambo ya bonde:

"Mbuzi mmewafunga?"

Baba: "Shii!"

Mama: "Kwani nani amekufa?"

Halafu Baba anacheka, na wimbo unaendelea.

Mama ana miaka tisa kaburini. Picha zake tunazo nyingi. Sauti yake tunayo hiyo tu. Watoto wangu wote wamekua wakiuimba wimbo huo pamoja na mbuzi ndani yake. Krismasi tukikusanyika, tunanyamaza pale, kisha tunapiga kelele wote kwa pamoja.

Shida ni hii. Ili niwafundishe wenzangu, lazima niandike do-re-mi ya kila mmoja. Tarumbeta ya kwanza naisikia. Tromboni naisikia. Lakini Mama anapoongea, sisikii kitu chochote chini yake. Tarumbeta ya pili inasema nini pale? Miaka yote hii sikuwahi kujiuliza.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Tumepiga vizuri. Mchungaji ametutaja kwenye matangazo. Baba Koku alisema, "Leo mmepiga kwa nguvu," ambalo ndilo neno lake la sifa, hana jingine. Mume wangu hana sikio kabisa. Nampenda hivyo hivyo.

Baada ya ibada nimewaambia wenzangu habari ya wimbo. Wamefurahi. Adela, anayepiga besi, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, akasema mama yake aliucheza wimbo huo mpaka kiatu kikakatika. Tumeanza palepale, milango ya kanisa wazi. Matokeo mabaya. Tunapiga dansi kama tunasindikiza jeneza. Kila noti tunaikanyaga.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya tatu naandika sauti za wimbo. Nasikiliza sekunde tano, nasimamisha, naandika, nafuta. Miche imecheleweshewa maji kwa ajili ya hii kazi.

Nimegundua mambo. Saksafoni inachelewa kidogo kila mara, makusudi, kama mtu anayekuja kwako huku anatabasamu. Tromboni haipigi pale unapoitegemea. Mwimbaji akisema "mvua", tarumbeta zote mbili zinashuka pamoja, na ni mvua kweli, unaisikia ikianzia kwenye bati la mbali. Hawa walikuwa vijana wa kubeba magunia. Nani aliwafundisha?

Nilikuwa naupenda wimbo huu kwa sababu ya Mama. Sasa naupenda kwa ajili yake wenyewe. Naona aibu kidogo kuandika hivyo.

Pengo bado lipo. Kama sekunde nane. Nimeweka alama ya kuuliza kwenye daftari.

Jumapili, 15 Juni

Siku mbaya.

Katibu wa baraza la wazee aliniita baada ya ibada. Mzee Ndyamukama, jirani yangu, mtu mwema, aliyenibebea mifuko ya samadi mwaka juzi mgongo ukiniuma. Amesikia mazoezi yetu. Watu wengine wamesikia pia, wamemfuata. Akasema vyombo vile viliwekwa wakfu, havipigi nyimbo za baa. Nikamwambia ni sendofu ya binti yangu, si baa. Akasema wimbo ni uleule.

Kisha akasema jambo ambalo nadhani alitaka liniogopeshe. Kwamba usharika huu ulishawahi kumtenga mtu kwa wimbo huohuo. Kijana aliyekuwa anapiga tarumbeta kanisani asubuhi na kwenye bendi ya kiwanda jioni. Wazee wa wakati huo wakamnyima meza ya Bwana. Anaitwa Kagaruki. Alihama. Yuko Kaisho, amezeeka.

Nikamuuliza, "Alikuwa anapiga tarumbeta ya kwanza au ya pili?"

Mzee Ndyamukama akanitazama kama nimerukwa na akili. "Ya pili."

Nikasema asante, kwaheri mzee, nikaondoka. Nina hasira naye na ninamshukuru, vyote kwa pamoja.

Jumamosi, 21 Juni

Kaisho na kurudi, nyuma ya pikipiki ya Jonas. Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, Kaisho. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Kiuno si changu. Lakini nimempata.

Mzee Kagaruki ana kibanja kizuri, migomba minene, kahawa imeanikwa uani kwenye mikeka. Mwembamba, mrefu, kofia kichwani, meno mawili ya mbele hayapo. Tulimwamkia. Mkewe akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mzee akanisikiliza nikieleza nimetoka Ihanda, ninaongoza tarumbeta za usharika. Uso wake ukajikunja.

"Mmetumwa na kanisa?"

"Hapana, mzee. Kanisa limekataa."

"Basi kaeni."

Nikampigia wimbo kwenye simu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza goti lake. Mama alipoingia na mbuzi wake, mzee alishtuka, kisha akacheka mpaka akakohoa, mkewe akaja kumpiga mgongo.

"Nani huyu?"

"Mama yangu."

"Angetufaa kwenye bendi."

Nikamuuliza kilichonileta. Mama anapoongea, tarumbeta ya pili inasema nini? Mzee aligeuza uso. Aliangalia kahawa yake kwenye mikeka. Nilidhani anakumbuka. Halafu akaimba kwa mdomo, taratibu, mstari unaopanda, unaning'inia juu kidogo kama unafikiri, halafu unashuka ngazi tatu. Akarudia. Nikaandika. Mzuri mno.

Nilikuwa na tarumbeta yangu kwenye mfuko wa turubai. Nikampa. Aliishika, akabonyeza vitufe, akaipima uzito, akanirudishia. "Midomo imekufa, mwanangu. Na hapa mbele pana mlango." Akaonyesha pengo la meno.

Alitueleza kidogo tu habari za kutengwa. Kwamba mama yake alikuwa amekaa benchi la mbele siku hiyo. Kwamba hakubishana. Kwamba aliacha tarumbeta na kanisa siku moja, na sasa anamsindikiza mkewe kwa Wakatoliki. Alisema bila uchungu, au uchungu umeshakauka.

Kabla hatujaondoka alimsimamisha Jonas uani. "Piga huku unatembea." Jonas akapiga. "Unakwenda kuzika. Tembea kama umeshauza kahawa yako na unakwenda kumwona mchumba." Jonas akatembea. Kuku wakakimbia. Mara ya nne ikatoka, dansi kabisa, na mke wa mzee akaweka kikapu chini, akacheza hatua mbili, akaona haya, akaingia ndani.

Sijafurahi hivi muda mrefu.

Alhamisi, 26 Juni

Mazoezi kwangu, kwenye banda la miche, si kanisani. Tarumbeta yangu ni ya kwangu, niliachiwa na mwalimu wangu. Vyombo vingine ni vya kanisa, ila kila mpigaji hulala na chake. Hakuna aliyekatazwa kufanya mazoezi nyumbani. Hiyo ndiyo hoja yangu. Najua kwamba ni nyembamba.

Tumempigia Mzee Kagaruki simu, nikaiweka kwenye ndoo tupu ili sauti iwe kubwa. Akatusikiliza kutoka Kaisho. Anafoka. Anasema besi inalala. Adela amechukia, kisha besi ikaamka.

Alhamisi, 3 Julai

Barua imekuja. Mhuri, sahihi ya katibu. Vyombo vya usharika visitumike nje ya ibada, mazishi na harusi za kanisani. Atakayekiuka atawajibika mbele ya baraza.

Nimewasomea wenzangu. Watatu wamesema hawawezi. Mmoja ni mjane, kanisa ndilo lililomjengea nyumba, nani atamlaumu? Wamerudi nyumbani, wameaga vizuri. Tumebaki mimi, Jonas na Adela. Tarumbeta moja, tromboni, besi. Wapiga magitaa wawili kutoka Omurushaka wamekubali kuja, na mpiga ngoma wao. Tarumbeta ya pili hakuna. Itabidi niruke kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili kila inapowezekana.

Baba Koku amesoma barua mara mbili. Akasema, "Lete didijei, mama. Yaishe." Hakusema kwa ubaya. Nikaenda kumwagilia miche ambayo ilishamwagiliwa.

Jumapili, 6 Julai

Tumepiga ibadani kama kawaida. Mzee Ndyamukama amenisalimia, hakunitazama. Inauma kuliko barua.

Jumanne, 8 Julai

Koku amesikia habari. Amenipigia. "Mama, acha. Utavuliwa uongozi kwa ajili ya wimbo wa dakika sita." Nikamwambia anipe mpaka jioni.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Si kwa ajili ya Koku peke yake. Nimepiga tarumbeta tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na sita. Nimepiga mazishi yasiyohesabika. Nimepiga Pasaka alfajiri na midomo imepasuka kwa baridi. Sijawahi hata mara moja kupiga kitu ambacho watu walisimama wakacheza. Nakitaka. Nataka nikione.

Na sioni dhambi ndani yake. Nimetafuta. Wimbo wenyewe unasema habari za mtu aliyezuiwa na mvua Omurushaka akachelewa kwa mchumba wake. Hiyo tu.

Nimempigia Koku. Tunapiga.

Akasema basi atafanya na yeye kazi yake. Yuko kwenye kundi la simu la wapenzi wa zilipendwa, watu mamia, wazee kwa vijana, kila Jumapili wanatumiana nyimbo za bendi ambazo hata wenye bendi wamezisahau. Atauliza kama kuna mtu ana "Mvua ya Omurushaka" nyingine.

Nikamwambia hakuna. Ni yetu tu.

Jumatatu, 14 Julai

Maturubai yameagizwa. Dada zangu wamefika, nyumba imejaa. Wanamenya ndizi na kunisema. Mazoezi jioni. Mstari wa mzee sasa umekaa kwenye vidole vyangu. Nikiupiga, Adela anafumba macho.

Alhamisi, 17 Julai

Ipo nyingine.

Mtu mmoja wa Mwanza, kijana kwa sauti yake, baba yake alikuwa fundi kwenye gari lile la redio. Ana utepe wenyewe. Ameusafisha, amemtumia Koku, Koku amenitumia. Nimeingia stoo ya mbolea, nikafunga mlango, nikasikiliza.

Ni safi mno. Kuna ala ambazo sikujua zipo. Kuna mtu anayetikisa kitu kama kopo lenye mchele, wimbo mzima, na miaka yote hii sikuwahi kumsikia. Mwimbaji anavuta pumzi kabla ya "mvua" na pumzi inasikika.

Ubeti wa pili ukaisha. Tarumbeta zikajibizana. Halafu mahali pa Mama.

Hakuna kitu.

Gitaa la besi na ngoma tu. Tarumbeta zote zimenyamaza. Sekunde nane za uwazi. Nimerudia mara saba. Hakuna tarumbeta ya pili. Hakuna mstari unaopanda ukaning'inia ukashuka ngazi tatu.

Mama hakufunika kitu. Aliongea palipokuwa na nafasi.

Nimelia, sijui kwa lipi. Halafu nimekasirika. Yule mzee amenidanganya, nimemwamini, nimesafiri mpaka kiuno kimekufa, nimepigania mstari wake mbele ya wazee wa kanisa. Na hata haupo.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi na mapema nimempigia Mzee Kagaruki. Shikamoo. Nikamwambia nimepata utepe wenyewe. Pale pako wazi.

Nikasikia jogoo wa Kaisho.

Kisha akacheka, pole pole, kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Wameuhifadhi?"

"Wameuhifadhi."

"Basi nimekamatwa. Nilimwambia kiongozi wa bendi, hapa panataka tarumbeta. Nilikuwa nimeshautunga mstari. Nikampigia. Akasema mzuri, lakini hapa paachwe, watu wapumue. Nikabembeleza. Akakataa. Siku ya kurekodi nilikuwa nimesimama pale, tarumbeta mkononi, sekunde zile zote, kinywa kimejaa. Mwanangu, ulipokuja ukaniuliza ninapiga nini pale, nifanye nini? Hakuna mtu aliyeniuliza tangu nizaliwe."

Hasira iliniisha kabla hajamaliza. Nikamwambia atafuatwa kesho asubuhi na gari la shemeji yangu, yeye na mkewe, avae kofia yake nzuri.

Nimekaa na daftari. Kwenye utepe wimbo unazunguka mara moja; sisi tutauzungusha mara mbili. Mahali pale panapita mara mbili. Mara ya kwanza nitapaacha wazi, kama kiongozi alivyotaka. Mara ya pili nitapiga mstari wa mzee.

Mchana nikaenda kanisani, ambako tangu Jumanne vyombo vinafungiwa stoo. Kuna daftari la vyombo. Nikaandika: tromboni moja, besi moja, vimechukuliwa kwa sendofu, vitarudi Jumapili kabla ya ibada. Nikaweka jina langu peke yake. Si la Jonas wala la Adela. Mhudumu wa kanisa alisimama mlangoni, akasoma, akatikisa kichwa, akanifungulia.

Jumapili, 20 Julai

Vyombo vimerudi saa moja asubuhi, vimepanguswa, hata tromboni. Sasa niandike ya jana.

Watu walijaa mpaka kwenye miche. Nimepoteza labda miche sitini, imekanyagwa. Sijali. Koku alikuwa wa kijani na dhahabu, na sikuweza kumtazama muda mrefu kwa sababu mpiga tarumbeta akilia mdomo unalegea.

Mzee Kagaruki na mkewe waliketi mstari wa mbele, karibu na spika. Suti ya kahawia, pana mabegani. Alikaa mikono juu ya fimbo yake, hamtazami mtu.

Mshereheshaji akatutangaza. Mama wa bibi harusi mtarajiwa na tarumbeta zake. Watu wakacheka kwanza. Walidhani tutapiga pambio.

Gitaa likaanza. Tulipoingia, sisi watatu tu, nilisikia kitu kikipita kwenye maturubai, kama upepo kwenye migomba. Wazee waliujua. Kwenye meza za nyuma mtu akaita "Eeee!" na viti vikaanza kusogezwa. Dada yangu mkubwa, mwenye miguu mibovu, akasimama. Wakwe wakasimama. Vijana waliokuwa kwenye simu zao waliinua simu kutupiga picha, halafu nikaona mmoja mmoja wanaziweka mfukoni na kuingia kucheza, kwa sababu huwezi kucheza vizuri na mkono mmoja juu. Hawakuujua wimbo. Haikuwasumbua hata kidogo.

Ubeti wa pili ukaisha. Nikashusha tarumbeta. Besi na ngoma. Uwazi.

Na familia yangu yote, bila kupangwa, dada, kaka, wapwa, Koku na taji lake kichwani, ikapaza sauti kwa Kinyambo: "Mbuzi mmewafunga?"

Baba Koku, peke yake, kwenye kipaza sauti cha meza kuu: "Shii!"

Na wote: "Kwani nani amekufa?"

Mume wangu asiye na sikio. Alipatia mahali penyewe kabisa. Wageni hawakuelewa wakacheka hivyo hivyo. Nilikuwa nacheka na ilinibidi niingie tena baada ya mapigo manne na sikuweza, Jonas akaniokoa kwa tromboni. Alikuwa anatembea.

Mzunguko wa pili. Nikamtazama mzee. Ilipofika pale nikapiga mstari wake. Ukapanda. Ukaning'inia. Ngazi tatu chini. Sikukosea.

Mzee Kagaruki alisimama, akavua kofia. Hakucheza. Alisimama tu mpaka wimbo ukaisha, mkewe amemshika kiwiko. Baadaye nilipomfuata alinishika mikono yote miwili na kusema, "Kiongozi angenifukuza kazi." Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye pengo la meno na anacheka.

Walitulazimisha kuurudia. Tuliurudia mara tatu. Didijei alikaa kwenye kreti ya soda akipiga makofi.

Jumatano, 23 Julai

Midomo imevimba. Nyumba kimya. Nimeokota vijiko kwenye kibanja. Koku amerudi Muleba. Harusi ni mwezi ujao huko kwa wakwe.

Mtu wa Mwanza ameomba nakala ya kaseti yetu, ile chafu yenye Mama. Anasema kwenye kundi wanaitaka. Nimewauliza dada zangu. Wamekubali. Sasa watu mamia nisiowajua wanamsikia mama yangu akiulizia mbuzi. Mmoja ameandika kwamba nakala hii ndiyo bora. Nimekubaliana naye.

Jumamosi, 26 Julai

Baraza limekaa. Niliitwa. Nilikiri, sikubishana, kwa kuwa ni kweli nilichukua vyombo nikijua. Mchungaji alisoma uamuzi: miezi mitatu sitaongoza tarumbeta wala kupiga kanisani. Jonas na Adela wasiguswe, jina lililoandikwa ni langu. Meza ya Bwana sikunyimwa. Niliwaza habari za Kagaruki na mama yake benchi la mbele, nikaona kwamba si haba, wazee wa leo si wa jana.

Tulipotoka Mzee Ndyamukama alitembea nami hadi njia panda. Alikuwa na jambo. Mwishowe akasema sauti zilifika mpaka kwake Jumamosi ile, mara zote nne.

"Mke wangu alicheza jikoni," akasema, akakata kona kwake.

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimekaa benchi, mstari wa nne, kando ya Baba Koku. Miaka yote hii nimekaa kule mbele, upande wa kushoto, na tarumbeta magotini. Sikujua kwamba kutoka huku unaona dirisha lenye kioo cha bluu. Sikujua kwamba watoto wanalala kwenye mahubiri wengi hivi.

Adela ameongoza. Watano. Wameanza polepole kuliko ninavyopenda. Tromboni ilichelewa nusu pigo kwenye ubeti wa kwanza. Sauti ya juu iliyumba, ikajishika. Nilikuwa nahesabu makosa kwa vidole juu ya pindo la kitenge. Kisha nikaacha kuhesabu. Huku nyuma vyombo havisikiki kimoja kimoja. Vinakuja vyote pamoja, vinazunguka kuta, vinakufikia vikiwa kitu kimoja kikubwa chenye joto.

Baba Koku akaninong'oneza, "Ndivyo mnavyosikika siku zote?"

"Sijui," nikamwambia. "Sijawahi kukaa huku."

Akasogeza kitabu cha nyimbo katikati yetu. Ubeti wa tatu ndipo nikakumbuka kwamba watu wa upande huu huimba. Nikaimba.